Mke Wangu Kaposwa na Jambazi Mbele Yangu, na Inspekta Ni Mimi

Mama Ininahazwe, mshauri wetu wa kila Jumamosi, pokea salamu za mtu ambaye mpaka juzi alikuwa anasoma safu yako kwa kucheka matatizo ya wenzake na leo amekaa na kalamu anatafuta pa kuanzia, kwa hiyo wasomaji wacheke tu, zamu yangu imefika, ila wewe usicheke mpaka umalize, maana naomba msaada wa kweli kabla sijapanda gari kwenda Kibondo kufanya jambo ambalo huenda nikalijutia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kasulu mjini, nimeshapita hamsini, tumbo limetangulia na nywele zimebaki nyuma, na cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa la bwana mmoja anayeitwa Ridhiwani, ndivyo tunavyofanya mafundi wengi, mteja anapimiwa kitambaa ndani, akitoka ananikuta mlangoni, kwa hiyo huyu ninayekuja kumlalamikia ndiye ambaye bati lake linanikinga jua na mvua, na hilo Mama naomba ulijue mapema usije ukasema nimekuficha.

Mke wangu anaitwa Immakulata. Tumezaa, tumelea, watoto wameshatoka nyumbani, na tangu waondoke nyumba imekuwa kimya mpaka kila mmoja anasikia mwenzake anavyotafuna. Si kwamba tuligombana, hapana, tulikuwa tu hatuna la kusema, mimi nasema chumvi, yeye anasogeza chumvi. Kisha ukaja mchezo.

Zamani tukiwa vijana kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, na mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa mmoja wa Kihindi, wa binti wa mwenye kinu cha kusaga na jambazi wa milimani, mpanda farasi, anayejifanya mkulima ili apeleke nafaka kinuni amwone. Mkanda wenyewe ulikuwa umechoka, sauti inakwaruza, na lugha yao hakuna aliyeijua, kwa hiyo kila mtu alitoka pale na hadithi yake, mpaka leo ukiwakutanisha watu wanne wa rika letu utapata filamu nne. Sasa Jumapili moja baada ya misa watu walikuwa wanabishana habari ya mkanda huo kwenye ua wa mama mmoja mwenye mgahawa, Niyubahwe, na yeye alipochoka na kelele akapiga mwiko kwenye sufuria akasema, "Jamani, mnagombania nini? Tuicheze wenyewe. Kila mtu achukue mtu wake, tuone itatupeleka wapi."

Ndivyo tulivyoanza, na kila Jumapili tukawa tunaendelea pale tulipoishia. Hakuna kilichoandikwa, hakuna mazoezi, unasimama unasema linalokujia na mwenzako analiendeleza, na sheria ni moja tu, Niyubahwe anaisimamia kama mgambo wa soko: neno la mwenzako hulikatai, unalipokea kisha unaongeza lako. Mtu akisema mvua inanyesha, inanyesha, tafuta pa kujikinga. Akisema wewe ni kiziwi, basi Jumapili hiyo umekuwa kiziwi, na ukijibu salamu unatolewa nje.

Immakulata akawa binti wa kinuni. Shemeji yangu Moses, kaka yake wa tumbo moja, akawa baba mwenye kinu. Kudra, mke wa Ridhiwani, akawa mama wa jambazi, na pia akawa kinu chenyewe, maana ule mlio anauweza hasa. Jambazi akawa Ridhiwani. Mimi nilinyoosha mkono nikautaka ujambazi, Niyubahwe akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye tumbo akasema, "Fundi, huyo farasi umeshamwonea huruma lakini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikapewa kuwa inspekta, ambaye kwenye mkanda kazi yake ni kufika wakati watu wameshaondoka.

Mama, wivu wangu haukuanzia kwenye sura, ingawa bwana huyo ana sura. Ulianzia kwenye Kiswahili. Babu yake Ridhiwani alikuja huku kutoka pwani, na Kiswahili chao hakikupotea njiani, kimelala kama suruali iliyotoka kwenye pasi, wakati changu kina mikunjo, na nikikasirika Kiha kinachungulia kama bitana kwenye koti bovu. Akisimama pale uani akasema, "Binti wa mwenye kinu, mimi nafaka yangu imekwisha sagwa, lakini miguu haijui njia ya kurudi," wanawake wote wanaugulia, na mimi namwona mke wangu anavyoinamisha shingo, shingo ambayo mimi nilidhani siku hizi haiinami, nilidhani ni umri. Akirudi nyumbani anaosha vyombo huku anacheka peke yake. Juzi ameniambia, "Laiti ungeleta kuni mapema." Laiti! Nyumbani kwetu neno hilo halijawahi kuvuka mlango, na najua limetoka duka gani.

Basi ikafika Jumapili ya posa. Niyubahwe aliweka chungu katikati ya ua na mirija yake, na kwa heshima ya Ridhiwani ndani kulikuwa na togwa badala ya pombe. Wewe ni mtu wa huku Mama, unajua kwetu mwoaji hafungui mdomo siku hiyo, anayesema ni mzee wa upande wake, na mwoaji akijitia kusema mwenyewe anaonekana hana watu. Mimi nilisemewa na baba yangu mdogo Nduwayezu, kule Kagerankanda mpaka leo wanasimulia alivyosema, na mimi nilikaa kwenye kigoda kimya kama inavyotakiwa, nilikaa vizuri sana, nilisifiwa.

Moses akamuuliza jambazi, "Kijana, msemaji wako yuko wapi?"

Ridhiwani akajibu, "Baba, mimi ni jambazi. Sina mjomba wala baba mdogo. Nitasema mwenyewe."

Moses akasema haya, maana sheria haimruhusu kukataa. Nikadhani atamwomba Moses, Mama, angemwomba Moses nisingeandika barua hii. Akamgeukia mke wangu. Akasema, "Na sikuulizi wewe baba, namuuliza yeye. Binti, unanitaka?"

Hata kinu kiliacha kulia. Immakulata akasema polepole, "Sijawahi kuulizwa. Walikaa nje wakaongea, mimi niko ndani nimeshika sinia, nikasikia vigelegele nikajua nimeshaolewa." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, machozi yenyewe, si ya mchezo, nimeishi naye nayajua. Kisha akajibu, "Ego." Kwa Kiha. Muda wote anacheza kwa Kiswahili cha kunyooka, lakini ile ndiyo ya kumkubali mwanaume mwingine akaitoa kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Hapo sikusubiri zamu yangu. Nikapuliza filimbi nikaingia katikati nikasema, "Uko chini ya ulinzi!" Niyubahwe akapiga makofi, "Oyee, inspekta leo kawahi!" na ningeishia hapo ingekuwa Jumapili nzuri kuliko zote. Ridhiwani akanyoosha mikono juu, akauliza kwa adabu, "Kwa kosa gani, Bwana Inspekta?" Na mimi nikasema, kwa kupunja. Nikasema huyu si jambazi wa milimani, huyu ni Ridhiwani muuza vitambaa, anapima mita akiwa amekunja kidole, mimi nakaa barazani kwake, nimeona.

Mama, ni uongo. Yule bwana akikupimia anakuongezea. Lakini sheria ni sheria, neno la mwenzako hulikatai, na yeye akaniangalia, akaangalia watu, akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli, Inspekta. Umenipata."

Kesho yake wateja walianza kuja dukani na futi kamba zao. Mmoja alimwambia, "Si ulikiri mwenyewe, mzee, mbele ya watu?" Nami niko pale mlangoni nakanyaga cherehani, nasikia kila kitu. Na Ridhiwani hajanifukuza, hajanitukana, asubuhi ananiuliza, "Fundi, umeamkaje?" vilevile kama zamani, na laiti (unaona, limeniingia na mimi) angenitukana.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni nyumbani. Immakulata hajaninunia, angeninunia ningejua la kufanya. Ananiita Inspekta. "Inspekta, maji ya kuoga tayari. Inspekta, karibu chakula." Ananipakulia vizuri kama mgeni wa serikali na anakaa mbali. Nikamwambia, mama watoto, acha basi. Akajibu, "Uinspekta si ulitoka nao uani mwenyewe? Mimi nimepokea, naongeza." Nikamuuliza kama anampenda Ridhiwani. Akasema, "Hilo ndilo swali ulilonalo?" akachukua ndoo akaenda kisimani.

Sasa dada yake Niyubahwe anayekaa Kibondo ametualika wote twende tukaimalizie hadithi kwake. Jambazi bado yuko mikononi mwangu, hakuna anayeweza kumtoa ila mimi. Immakulata amesema anakwenda. "Ukija njoo, usipokuja nitawaambia inspekta kachelewa." Naogopa Mama, si mchezo tena, naogopa akienda Kibondo atarudi hapa akiwa ameondoka kabisa moyoni. Nina mambo mawili kichwani: nimzuie asiende, kwa kuwa mimi ni mume, au niende nikamnyonge yule jambazi mbele ya watu, kwa kuwa mimi ni inspekta, hadithi iishe. Nifanye lipi? Na je, kumnyonga mtu ndani ya hadithi ni dhambi?

Wako,
Jina langu lihifadhiwe, Kasulu

MAMA ININAHAZWE ANAJIBU

Wewe mwanaume, umeomba jina lako lihifadhiwe, kisha ukataja la mkeo, la shemeji yako, la mwenye baraza, la mke wa mwenye baraza na la mwenye mgahawa. Nimelihifadhi. Kasulu nzima imeshakujua, lakini mimi nimelihifadhi.

Nianze na lililo jepesi. Mnyonge jambazi, halafu Jumatatu ukashonee wapi? Na kuhusu dhambi, kumnyonga mtu wa hadithini sijui, muulize padri wako. Dhambi ninayoijua ni ile uliyokwisha kuifanya, ya kumchafua mtu hai kwa jina lake mbele ya majirani, ukijua hawezi kukujibu bila kuuvunja mchezo wa watu wote. Yeye alichagua kubeba uongo wako kuliko kuwaharibia wenzake Jumapili. Nikikuambia ukweli, bwana wa namna hiyo na mimi ningemwonea wivu. Lakini si kwa sababu unayoidhani.

Maana mkeo hampendi Ridhiwani. Umeniandikia kila neno alilosema jambazi, la nafaka, la miguu, la mjomba, umeyakariri kama sala. Ya mkeo umeyaandika ukayapita kama mtu anayepita kaburini kwa haraka. Rudi uyasome. Hakusema "nakupenda jambazi". Alisema hajawahi kuulizwa. Alikuwa ndani na sinia mkononi. Jambazi wa kwenye mkanda hakukuta sinia, wala binti wa kinuni sijui kama alikuwa na sinia. Mwenye sinia ni Immakulata, na nyumba ile ilikuwa ya kwao, na waliokuwa nje wakiongea ni ninyi. Ukiwa kwenye kigoda. Umekaa vizuri sana. Umesifiwa.

Sikulaumu kwa siku ile. Desturi ni desturi, ulikuwa kijana, ungefungua mdomo wazee wangekuona huna watu. Hata mimi niliposwa nikiwa nyuma ya ukuta wa matete, namsikia mtu nisiyemjua akinisifia kulima, na mimi kulima nilikuwa sipendi. Wengi wetu tuliolewa hivyo na tukaishi vizuri. Lakini posa iliisha siku ile ile, ndugu yangu! Wageni walikwenda zao, chungu kilioshwa, baba yako mdogo alirudi kwake. Ni nani aliyekukataza kusema kuanzia kesho yake? Umekaa na mwanamke mpaka watoto wamekua wakaondoka, na bado unasubiri msemaji wako amalize.

Na ile "ego" iliyokuchoma. Nilicheka, nisamehe, uliniambia nisicheke mpaka nimalize nami nikashindwa. Umeona mtu anamjibu mwanaume wa ukoo wa pwani kwa Kiha? Maneno ya mchezo aliyasema kwa lugha ya mchezo. Alipofika kwenye jibu lake mwenyewe, likatoka kwa lugha aliyoishi nayo na wewe. Kudra alikuwa pale, mke wa mtu, anaona mume wake anaposa, na hakushtuka. Moses, kaka mtu, hakushtuka. Wote walielewa mama wa watu anazungumza na nani. Aliyekosa kuelewa ni aliyekuwa anaambiwa.

Yeye hakujibu swali lako, akaenda zake kisimani, kwa sababu lilikuwa swali la polisi. Unampenda fulani? Ulikuwa wapi? Na nani? Mwanamke anayesema hajawahi kuulizwa, wewe unakwenda kumhoji.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwamba wewe si mtu wa maneno, barua yako ina maneno mpaka mhariri amenilalamikia nafasi.

Kumzuia asiende Kibondo, futa. Ukimzuia utakuwa umemwamulia tena akiwa ndani, na safari hii hata vigelegele havitakuwepo.

Kabla ya safari, nenda kwenye baraza lile siku ya gulio, duka likiwa na watu, si asubuhi kukiwa na mbuzi tu. Simama, useme kwa sauti kwamba ulimsingizia Ridhiwani, kwamba kipimo chake ni sawa na ulisema vile kwa wivu. Neno wivu ulitaje. Usiseme "ilikuwa utani", maana utani hauwarudishi wateja wake. Watakucheka wiki mbili tatu. Vumilia, wewe na tumbo lako mtazoea. Usimwombe akusamehe hapo hapo mbele ya watu, utamlazimisha apokee tena kama ulivyomlazimisha siku ile. Kamwombe ndani, akiwa peke yake, na akichukua muda, achukue.

Huko Kibondo, mfungue jambazi. Jinsi ya kumfungua sikufundishi, simama useme litakalokuja, ndio mchezo wenyewe. Hadithi ya binti na jambazi waache waimalize wanavyotaka, hata wakioana. Wataoana uani, watakula, watapanda gari kurudi Kasulu, na Ridhiwani atashuka na Kudra.

Lakini hilo la Immakulata usilipeleke Kibondo. Hili usilifanye mbele ya watu hata kidogo, wala ndani ya mchezo, kwa sababu ndani ya mchezo neno halikataliwi, na yeye lazima awe na uwezo wa kukataa. Usimtume Moses, usimtume Niyubahwe, usimpigie baba yako mdogo huko Kagerankanda. Usijaribu Kiswahili cha pwani, utajikwaa na utaudhi. Kaa naye pale jikoni kwenu, wote mmekaa, asiwe ameshika chochote mikononi. Mwambie kwa Kiha kwamba siku ile hukumuuliza, na kwamba unamuuliza sasa. Unanitaka? Hivyo tu, usiongeze kuhusu watoto, usiongeze kuhusu miaka, usiongeze kuhusu jinsi ulivyoteseka kwenye baraza.

Huenda akasema ego. Huenda akasema anahitaji kufikiri, na ana haki, swali limechelewa sana na wewe uliondoka na jibu bila kulisikia. Huenda akakuambia mambo ambayo hutayapenda kuhusu ukimya wa nyumba hiyo. Yote hayo ni majibu. Kazi yako ni kumuuliza na kukaa hapo. Akinyamaza, nyamaza naye, na hata ukimya ukirefuka mpaka ukatamani kuujaza, usimjibie.